Theluthi ya Nini?

Katika machimbo ya Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa, dhahabu hugawanywa kabla haijaonekana. Kinachotoka ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, ni mawe. Mawe hujazwa kwenye mifuko, na mifuko ndiyo hupangwa mafungu pale juu: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji, na mifuko kadhaa ya kufidia gharama za matimba, baruti na mafuta ya jenereta. Kila mmoja huondoka na fungu lake kwenda karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, na huko ndiko atakakojua kama mawe yake yana kitu au hayana. Kwa hiyo haki ya jasho la wiki nzima hukaa kwenye hesabu ya mifuko, na hesabu hiyo ni ya sehemu: nusu, theluthi, robo, thelathini kwa mia.

Ugomvi wa mgao unapozuka, kwa kawaida anatafutwa mwizi wa mifuko. Wezi wapo, sibishi. Lakini naamini mara nyingine mwizi hayupo. Upo mlinganyo ambao hakuna aliyeuandika, na kila upande unaubeba kichwani kwa namna yake. Mlinganyo huo ni ule ule unaomtoa jasho mwanafunzi wa kidato cha pili pale Katoro, ule wenye herufi juu na namba chini ya mstari. Anayeuelewa darasani anauelewa duarani, na ndiyo maana nataka tuupitie polepole, hatua kwa hatua, kwa mawe ya kwetu.

Mifano ya mifuko humu nimeitunga mwenyewe ili namba zitoke vizuri. Viwango vya kweli hutofautiana kati ya duara na duara. Tuseme watu wamekubaliana hivi: mwenye leseni anapata theluthi ya mifuko yote, mwenye duara anapata robo ya mifuko yote, mifuko 5 inakwenda kwenye gharama, na inayobaki ni ya wachimbaji. Mgao ukafanyika, wachimbaji wakapewa mifuko 10. Mmoja wao hakuwepo wakati mifuko ikihesabiwa. Anataka kujua ilikuwa mingapi jumla.

Mifuko yote tuiite m. Mafungu yakirudishwa pamoja lazima yafanye m:

m/3 + m/4 + 5 + 10 = m

Kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4, ile KDS tuliyofundishwa shule ya msingi, ni 12. Tukizidisha kila kitu kwa 12 tunapata 4m + 3m + 60 + 120 = 12m. Yaani 7m + 180 = 12m, hivyo 180 = 5m, na m = 36. Tuhakiki: theluthi ya 36 ni 12, robo yake ni 9, gharama 5, wachimbaji 10. Jumla 36. Hesabu imekaa.

Hapo wengi hufunga daftari, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Kwa nini tulizidisha kwa 12? Mwanafunzi ukimuuliza atajibu kwamba ni kwa ajili ya kufuta namba za chini. Jibu hilo si baya, ila halimsaidii siku akisahau. Ukweli ni kwamba tumebadili kipimo. Mwanzoni tulikuwa tunahesabu mifuko mizima. Tulipozidisha kwa 12 tukaanza kuhesabu vipande, kila mfuko mmoja ukiwa vipande kumi na viwili vilivyo sawa. Idadi hiyo ya vipande ndiyo ndogo kuliko zote inayowezesha theluthi na robo zote mbili kutoka bila kuchana kipande: theluthi ya mfuko ni vipande 4, robo ni vipande 3. Na kwa kuwa sasa tunahesabu vipande, ile mifuko 15 ya gharama na ya wachimbaji nayo lazima isemwe kwa vipande, 15 mara 12, vipande 180.

Sasa tazama kosa ambalo kila mwalimu wa hisabati amelisahihisha hadi wino ukakauka. Mwanafunzi anazidisha penye sehemu, anaiacha namba isiyo na sehemu kama ilivyo, kwa sababu haina asili, yaani namba ya chini ya mstari, ya kufutwa. Anaandika 4m + 3m + 15 = 12m, anapata 5m = 15, na m = 3. Mifuko yote mitatu, wakati wachimbaji peke yao wameondoka na kumi! Aliyefundishwa kwamba KDS ni mpira wa kufutia asili hawezi kuona alipokosea. Aliyefundishwa kwamba ni badiliko la kipimo anaona mara moja: amechanganya vipande na mifuko mizima kwenye mstari mmoja, kama mtu anayejumlisha gramu na tola bila kuzigeuza.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Tubadili maneno mawili tu ya makubaliano yale. Mwenye leseni bado anapata theluthi ya mifuko yote. Lakini mwenye duara, badala ya robo ya mifuko yote, anapata robo ya inayobaki baada ya mwenye leseni kuchukua chake. Gharama ni mifuko 5 kama mwanzo.

Theluthi ikitoka, inabaki 2m/3. Robo ya hiyo ni 2m/12, yaani m/6. Kwa mifuko ile ile 36, mwenye leseni anapata 12, mwenye duara anapata 6 badala ya 9, gharama 5, na wachimbaji wanaondoka na 13 badala ya 10. Mifuko mitatu imehama kutoka fungu moja kwenda jingine, na hakuna aliyeiba. Kilichohama ni jibu la swali moja: robo ya nini?

Ukigeuza hesabu, hatari inaonekana wazi zaidi. Mchimbaji aliyepata mifuko 10 na kuamini kwamba mgao ni wa aina hii ya pili ataandika m/3 + m/6 + 5 + 10 = m. KDS ni 6: 2m + m + 90 = 6m, 3m = 90, m = 30. Yeye anaamini ilitoka mifuko 30. Mlinzi aliyehesabu pale juu anamwambia ilitoka 36. Mifuko sita iko wapi? Kwa hesabu yake imeibwa, na kwa hesabu ya mwenzake haijaibwa hata mmoja. Wote wawili wamezidisha na kugawanya sawasawa. Nawaomba wanaosuluhisha migogoro ya machimbo, kuanzia wenyeviti wa vitongoji hadi maofisa madini, waanze na swali hili kabla ya kuita polisi.

Wapo watakaosema wachimbaji hawahitaji herufi, kwamba wanapiga hesabu hizi kichwani tangu enzi. Ni kweli, na njia yao ina ukoo mkubwa kuliko wanavyojua. Mtu anayesema "tuchukue mfano wa mifuko kumi na miwili, wewe minne, mimi mitatu", kisha akaongeza kwa uwiano hadi afike kwenye mifuko halisi, anafanya walichofanya waandishi wa Misri ya kale. Kwenye Mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmose karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo leo yako British Museum mjini London, swali la 24 linauliza: lundo na moja ya saba yake jumla ni 19, lundo ni ngapi? Sisi tungeandika x + x/7 = 19. Mmisri alianza kwa kukisia 7, kwa sababu moja ya saba ya 7 inatoka nzima. Saba na moja ni nane. Lakini anatakiwa 19, si 8, hivyo akatafuta 8 inaingia mara ngapi katika 19, akapata mara 2 na 3/8, akazidisha kwa 7. Jibu lake: 16 na 5/8. Ni sahihi kabisa, na limepatikana Afrika zaidi ya miaka elfu tatu kabla darasa la kwanza la Geita halijajengwa.

Namba 7 aliyoikisia Mmisri ni asili ya sehemu yake. Namba 12 anayoichukua mchimbaji ni KDS ya theluthi na robo. Kumbe wote wanaijua KDS kwa vitendo.

Njia hii ina mpaka, na mpaka wenyewe uko mahali ambapo maisha ya duarani huwa. Inafanya kazi pale tu ambapo kila fungu ni sehemu ya jumla. Ikiingia mifuko ya idadi maalumu, kama ile 5 ya gharama, kukisia na kuongeza kwa uwiano kunavunjika. Jaribu. Kwa mifuko 12: mwenye leseni 4, mwenye duara 3, gharama 5, wachimbaji sifuri. Utaizidisha sifuri kwa ngapi ifike 10? Kwa mifuko 24: 8, 6, 5, wachimbaji 5. Ukisema basi mifuko ikiwa mara mbili, yaani 48, wachimbaji watapata mara mbili, yaani 10, umepotea: watapata 48 kutoa 16, kutoa 12, kutoa 5, ambayo ni 15. Gharama haikuongezeka mara mbili, hivyo faida ya wachimbaji imeruka.

Na katika kupotea huko kuna elimu ambayo ningependa kila kikundi cha wachimbaji kiishike. Panga namba hizo: mifuko 12, wachimbaji 0, mifuko 24, wachimbaji 5, mifuko 36, wachimbaji 10, mifuko 48, wachimbaji 15. Kila mifuko 12 inayoongezeka, mitano inaingia kwa wachimbaji, na mifuko 12 ya kwanza hawaambulii kitu. Mkataba unaotanguliza gharama za idadi maalumu unambebesha mchimbaji hatari yote ya siku mbaya, kwa kuwa mwenye leseni na mwenye duara hupata sehemu yao hata mifuko ikiwa 12 tu. Mlinganyo umesema jambo ambalo maneno ya makubaliano yalilificha. Sisemi mkataba huo ni dhuluma. Mwenye duara naye ametoa mtaji. Nasema mtu ajue anachokubali.

Kuna hali moja mbaya zaidi. Duara likikauka fedha, mwenye duara hutafuta mfadhili, na ahadi hutolewa kwa haraka. Mfadhili kaahidiwa nusu, mwenye leseni ana theluthi yake, wachimbaji waliambiwa watapata robo. Hakuna aliyekaa kujumlisha. Nusu ni 6/12, theluthi 4/12, robo 3/12: jumla 13/12. Katika kila mifuko 12 wameahidiana 13. Ukiandika m/2 + m/3 + m/4 = m na kuzidisha kwa 12 unapata 13m = 12m, na namba pekee inayotimiza hilo ni sifuri. Ongeza mifuko 5 ya gharama uone: 13m + 60 = 12m, m = −60. Jibu hasi kwa idadi ya mifuko maana yake mkataba hautekelezeki, hata duara litoe mawe kiasi gani. Mwanafunzi akipata jibu hasi hudhani amekosea hesabu. Afundishwe kwamba pengine hesabu ni sahihi na makubaliano ndiyo mabovu.

Waislamu wa pwani na wa bara wanaosoma elimu ya mirathi wanalijua tatizo hili kwa undani. Mafungu ya mirathi ni sehemu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Kadhi hutafuta kwanza asili ya masuala, ambayo ni KDS ya mafungu yote. Mtu akifa akaacha mke, mama na mwana wa kiume, mke ana 1/8, mama 1/6, asili ni 24: mke 3, mama 4, mwana 17. Lakini mwanamke akifa akaacha mume na dada wawili wa baba na mama, mume ana nusu na dada wana theluthi mbili: 3/6 na 4/6, jumla 7/6. Ufumbuzi unaohusishwa na Khalifa Umar, uitwao aul, ni kuipandisha asili kutoka 6 hadi 7: mume 3/7, dada 4/7. Kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano mmoja. Ndiyo maana Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad karibu mwaka 820, aliweka ndani yake sehemu kubwa ya maswali ya wasia na mirathi. Hisabati hii ilikuzwa na watu waliotaka kugawana bila kugombana. Wenye duara lililoahidi 13/12 wanaweza kupandisha asili hadi 13 na kugawana 6, 4 na 3, ilimradi wakubaliane kabla mawe hayajapanda juu.

Kosa la pili kubwa la milinganyo hii ni dogo kwa sura, ni alama ya kutoa. Mwenye duara kapata theluthi ya mifuko yote. Mwenye shamba kapata robo ya mifuko baada ya kuondoa 6 ya gharama. Mwenye duara kamzidi mwenye shamba mifuko 4. Ilitoka mingapi?

m/3 − (m − 6)/4 = 4

KDS 12: 4m − 3(m − 6) = 48. Kutoa mara tatu ya hasi sita ni kuongeza 18: 4m − 3m + 18 = 48, m = 30. Hakiki: theluthi ya 30 ni 10, 30 kutoa 6 ni 24, robo yake 6, 10 kuzidi 6 ni 4. Sawa.

Anayesahau kwamba mstari wa sehemu wenyewe ni mabano huandika 4m − 3m − 18 = 48 na kupata 66. Au huandika 4m − 3m − 6 = 48 na kupata 54. Wote wangejikamata kwa kuhakiki: theluthi ya 66 ni 22, robo ya 60 ni 15, tofauti 7, si 4. Ile MAGAZIJUTO tunayoiimba darasani, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, inamwongoza mtu anayekokotoa. Haimwambii kwamba mstari mrefu wa sehemu umebeba mabano ndani yake hata kama hayakuchorwa. Naomba walimu wayachore mabano hayo kwa chaki kila mara, hadi mtoto ayaone hata yasipokuwepo.

Neno fupi kuhusu simu. Siku hizi kila mtu ana kikokotoo mfukoni, na theluthi imegeuka 0.33. Kwenye mauzo ya shilingi milioni 10, theluthi ni 3,333,333, na 0.33 ni 3,300,000. Shilingi 33,333 zimepotea kwenye desimali iliyokatwa. Acha sehemu ibaki sehemu mpaka hatua ya mwisho, ndipo ubonyeze.

Tutoke duarani twende sokoni. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, la kwanza nchini, na mengine yakafuata, Kahama likiwemo. Muuzaji anapimiwa, anakokotolewa thamani, anakatwa tozo za Serikali, anaondoka na baki. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuleta ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ushuru wa huduma wa halmashauri ulikuwa asilimia 0.3. Sheria za fedha za kila mwaka huongeza na kupunguza, kwa hiyo msomaji aangalie viwango vya siku anayouza. Mimi nachukua hivi vitatu kwa ajili ya kuonyesha njia.

Mwakilishi wa kikundi karudi kijijini na 9,270,000. Wenzake wanataka kujua dhahabu ilithaminiwa kwa shilingi ngapi. Jumla ya makato ni asilimia 7.3. Mmoja wao anachukua 9,270,000, anatafuta asilimia 7.3 yake, anapata 676,710, anaongeza: 9,946,710. Anaonekana makini. Amekosea kwa shilingi 53,290, kwa sababu asilimia 7.3 ilikatwa kwenye thamani ya mwanzo, naye ameipima kwenye baki. Ni swali lile lile la robo ya nini, limevaa nguo za ofisini. Mlinganyo sahihi ni huu, thamani ikiwa x:

x − 6x/100 − x/100 − 3x/1000 = 9,270,000

Zidisha yote kwa 1000: 1000x − 60x − 10x − 3x = 9,270,000,000. Hivyo 927x = 9,270,000,000, na x = 10,000,000. Mwakilishi hakula kitu.

Hesabu hii haiishii kwa mchimbaji mdogo. Oktoba 2019 Serikali na kampuni ya Barrick zilitangaza makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, yakazaa Twiga Minerals kusimamia Bulyanhulu na Buzwagi huku Shinyanga pamoja na North Mara kule Mara. Serikali ilipewa hisa za asilimia 16, na ikatajwa kanuni ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Watu wakauliza, na wengine bado wanauliza: hisa 16 zinafikaje 50?

Tuandike. Manufaa yote yawe x. Kodi, mrabaha na tozo zinazokwenda Serikalini ziwe T. Zikitoka hizo, inabaki x − T, na humo Serikali inapata gawio la 16/100, yaani 4/25. Ili Serikali ifikishe nusu:

T + 4(x − T)/25 = x/2

KDS ya 25 na 2 ni 50. Inakuwa 50T + 8(x − T) = 25x, hivyo 42T = 17x. Katika kila manufaa 42, kodi na tozo lazima ziwe 17. Inabaki 25, gawio la Serikali ni 4, na 17 na 4 ni 21, nusu ya 42. Hesabu za kweli za mgodi zina mambo ya miaka na mitaji ambayo sikuyagusa hapa, lakini sura ya jambo haibadiliki: kati ya 21 za Serikali, 17 zinatoka kwenye kodi, mrabaha na tozo, na 4 tu kwenye hisa. Mwananchi wa Kakola, jirani na Bulyanhulu, anayetaka kujua kama nusu yake inafika, jicho lake na likae zaidi kwenye makadirio ya kodi na mrabaha kuliko kwenye sherehe za kukabidhi hundi ya gawio. Sijui darasa bora la uraia kuliko mlinganyo huo.

Kwa nini basi somo lenye uhai namna hii linatushinda? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023 yalionyesha ufaulu wa Hisabati wa asilimia 25.42. Robo ya watahiniwa. Sababu ni nyingi, na upungufu wa walimu wa somo hili hakuna asiyeuona. Kwa milinganyo yenye sehemu ipo sababu moja ya ziada. Mtoto wa shule ya msingi ya umma anajifunza kiasi, asili, KDS na sehemu kwa Kiswahili. Anapofika kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza, na muda si mrefu herufi zinaingia juu ya sehemu zile zile. Anakutana na mambo matatu kwa pamoja: maneno mapya, herufi, na sehemu ambazo hakuzishika vizuri. Anachofanya ni kukariri hatua. Hatua zikikaririwa bila maana, namba 15 haizidishwi, mabano yanasahaulika, na m inatoka 3 bila mtu kushtuka.

Mwalimu wa Geita, Kahama au Kishapu ana bahati ambayo mwalimu wa mahali pengine hana. Watoto wake wanajua mgao. Wanajua nani alipata mifuko mingapi nyumbani na nani alinuna. Akianza na mifuko kwa Kiswahili, akamwacha mtoto akisie 12 mwenyewe, akaingiza gharama ya mifuko 5 hadi kukisia kukwame, herufi itaonekana ni msaada badala ya adhabu. Maneno ya Kiingereza yatafuata baadaye kwenye jambo ambalo mtoto ameshalielewa. Hahitaji maabara wala vifaa, anahitaji ubao na dakika arobaini.

Na vyama vya wachimbaji, GEREMA kwa Geita na SHIREMA kwa Shinyanga, nawaomba jambo dogo lisilo na gharama. Kwenye kila fomu ya makubaliano ya duara, mbele ya kila sehemu iliyoandikwa, wekeni nafasi ya kujaza maneno haya: ya mifuko yote, au ya inayobaki baada ya nani. Chini yake wekeni mstari mmoja wa kujumlisha sehemu zote, na watu wasitie saini kama jumla imezidi moja. Kisha fomu isomwe kwa sauti mbele ya wachimbaji wenyewe, siku ya kwanza, kabla mtu hajashuka shimoni.